Nepi Nilizozificha Nyuma ya Jiko

Taban, kijana wangu,

Amani iwe juu yako unaposoma, na iwe juu yangu pia ninayeandika, maana jioni hii nina haja nayo kukuzidi. Baba yako yuko barazani anafunga sanduku lako kwa kamba ya tatu, utadhani unapelekwa vitani na si chuoni Arua. Nimemwambia sanduku lina kufuli. Amenijibu bila kuinua uso, "Kufuli iko kitu ya raia. Kamba ndio inashika." Nimemwacha na jeshi lake. Mimi nimekaa chumbani na kalamu kwa sababu nikija kukaa karibu nawe nitalia, nawe utaanza kuniuliza mbona sikulia hivi dada yako Hadija alipoolewa.

Sitakuandikia habari za chakula, wala swala, wala wasichana wa Arua. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na uso wako ukichoka mimi nauona. Nataka kukuandikia habari za kuanika nguo. Usicheke. Ukicheka, cheka sasa umalize, kisha urudi hapa.

Unakumbuka Ijumaa iliyopita. Ulifua kanzu yako asubuhi, ukaenda kukaa na wenzako, ukaikumbuka adhana ikiwa karibu. Jua lilikuwa limewaka uani tangu saa tatu, kamba iko tupu, na kanzu yako iko ndani ya beseni inakungoja. Ukaichukua ikiwa mbichi, ukaikausha kwa pasi ya umeme, mvuke ukajaa chumba kama mtu anapika ugali wa arusi. Yuniti za umeme zikaisha. Redio ya baba yako ikanyamaza katikati ya mpira, naye akauliza nyumba nzima, "Nani amekula umeme?" Na wewe, fundi umeme wa kesho, ukapita nyuma ya nyumba kwenda msikitini na mgongo uliolowa. Hadi leo nikikumbuka nacheka.

Lakini siku ile sikucheka. Uliporudi nilikufokea mbele ya watu, nikakuita mharibifu, nikasema maneno makubwa kuliko kanzu. Ukanitazama ukasema, "Mama, si kanzu tu?" Ulikuwa na haki, mwanangu. Nisamehe. Sikuwa nakufokea wewe. Kuna mwanamke wa miaka kumi na tisa niliyekuwa namfokea, na mwanamke huyo ni mimi.

Ulipozaliwa, baba yako alikuwa kambini mbali, na mimi nilikuwa peke yangu hapa Koboko sijui hata kumshika mtoto shingo. Akamtuma dada yake kutoka Ludara aje kukaa na mimi, kama ilivyo kwetu: dada wa mume anakuja kwa mzazi, anafua, anapika uji, mpaka mgongo wa mama upate nguvu. Dada huyo ni shangazi yako Zaitun, huyu huyu unayekwenda kukaa kwake kesho. Alikuwa amenizidi miaka michache. Alikuwa ametoka kwa mume wa kwanza, amerudishwa kwao kwa sababu hakupata mtoto. Hakulizungumza. Alikuja na kifurushi kimoja na kicheko kingi, na tangu siku ya kwanza ulinyamaza mikononi mwake kuliko mikononi mwangu.

Siku ya pili tu akatafuta kamba, akaivuta kutoka muarubaini hadi nguzo ya jiko, juu kabisa, katikati ya uwanja mahali jua linapiga mchana kutwa. Akaanika nepi zako zote. Hapa kwetu wengi tulikuwa tunatandaza nguo juu ya nyasi au juu ya ua, na mimi nikamwuliza kamba ya nini. Akaniambia, "Mama Taban, wacha kuweka nguo ya mtoto kwa nyasi. Iko nzi kule, anaweka mayai kwa nguo mbichi, halafu mdudu anaingia kwa ngozi ya mutu. Nguo inataka jua na upepo. Hizo mbili si ya bure?"

Nilimsikia vizuri. Sitakudanganya kwamba sikusikia. Ila uwanja wetu ulikuwa wazi kwa barabara, na babu yako, mkwe wangu, alikuwa akipita pale kila siku kwenda msikitini, akisimama kusalimia. Mimi nililelewa kwamba nguo za ndani za mwanamke, na nepi za mtoto mchanga, hazionwi na mkwe. Nguo zangu na zako zilikuwa kwenye kamba moja, zinapepea kama bendera. Mwili wote ulikuwa unaniwasha kwa aibu. Basi Zaitun akienda kisimani, nilizitoa kwenye kamba nikazipeleka nyuma ya jiko, kati ya ukuta na ua wa choo, penye kivuli na nyasi laini, mahali ambapo hapiti mtu. Zikakaukia pale, au zikakaribia kukauka, nikazikunja.

Akirudi aliona. Kesho yake akaanika tena, na mimi nikaanua tena. Tulikwenda hivyo wiki nzima bila kugombana. Mwisho akachoka, akaniambia, "Wewe, aibu yako iko kubwa kuliko mtoto yako." Akaacha nifanye nitakavyo.

Ukatokwa na majipu. Matatu mgongoni kwanza, kisha matakoni, yakafika tisa. Kila jipu lina kitundu kidogo juu. Ukawa hulali chali, hulali ubavu, unalia mpaka sauti imekwisha unafungua mdomo tu. Majirani watatu wakaja kunipa pole. Mmoja akauliza, nani anamwogesha mtoto? Zaitun. Nani anafua nguo zake? Zaitun. Wakatazamana. Mimi nikaelewa wanachofikiri, na nikaona kinanifaa.

Nilitoka nje. Alikuwa amechuchumaa penye beseni anakamua nepi yako. Nikamwambia, mbele ya wale wanawake, "Zaitun, wewe iko na mkono mbaya. Mungu alikunyima yako, sasa unataka kumaliza yangu."

Taban, nimeandika sentensi hiyo nikaondoka mezani, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Ni kweli nilisema hivyo. Zaitun alimaliza kukamua ile nepi. Akaianika kwenye kamba, akainyoosha pembe zake vizuri, akajifuta mikono kwenye gauni lake, akaingia ndani kuchukua kifurushi. Alishika njia ya Ludara kwa miguu, na wewe ulilia zaidi aliposhuka barabarani.

Siku mbili baadaye nilikupeleka kliniki. Nesi akapaka vaselini nzito juu ya jipu moja, akangoja, akabinya pande mbili. Akatoka funza mweupe, mnene, anajikunja. Nilipiga ukelele. Nesi hakushangaa hata kidogo, akaendelea na la pili huku ananiuliza, "Mama, nguo ya mtoto unakausha wapi?"

Nikamwambia, "Kwa kamba."

Akanitazama. "Hii mdudu haitoki kwa kamba," akasema, akabinya la tatu.

Nilirudi nyumbani nikiwa najua kila kitu. Njia ya Ludara ilikuwa pale pale. Ningeweza kukubeba mgongoni nikaenda kumwangukia miguuni, na jioni tungekuwa tumerudi sote watatu. Sikwenda. Nikasema nitakwenda ukipona. Ukapona. Nikasema nitakwenda baada ya mfungo. Baba yako alipokuja likizo nikamwambia mtoto alipata majipu kwa sababu ya nguo chafu, na Zaitun alichoka akarudi kwao. Angalia nilivyopanga: kila neno lilikuwa karibu na kweli. Mengine alijaza mwenyewe, na hakumsalimia dada yake mwaka mzima.

Mtu aliyeficha jambo hapumziki, anajitafutia kazi. Mimi kazi yangu ikawa pasi. Nilinunua pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo mbele, nikaanza kupiga kila kitu kilichotoka kwenye maji: nepi, soksi, taulo, mpaka kitambaa cha kufutia sahani. Nilikuwa naanika juani sasa, juu ya kamba, aibu imekufa. Nguo zinakauka kabisa mpaka zinakuwa ngumu, na bado nazirudisha kwenye moto. Baba yako akinikuta ananiambia, "Mama Taban, unapiga pasi mpaka soksi? Hii iko kambi ya jenerali gani?" Nilimjibu ni kwa sababu ya wadudu. Ni kweli pasi inaua mayai ya nzi yule, na nguo iliyokaukia kivulini uipige pasi, sikukatazi. Lakini nguo iliyopigwa na jua mchana kutwa, juu, mbali na udongo, mimi nilikuwa naichomea mkaa wa nini? Jua lilikuwa limeshafanya kazi. Mkaa ule nilikuwa nachoma kwa sababu ya Zaitun.

Mwenye mkaa alikuwa anakuja na baiskeli kutoka Kuluba, akanizoea mpaka akawa ananiletea mahindi ya bure. Mwaka mmoja nilikwenda kule kwenye arusi, tukapita mahali ambapo nikiwa msichana tuliokota yale matunda tunayokamulia mafuta ya kujipaka. Miti ile mikubwa haikuwepo. Visiki tu, na matanuru mawili yanatoa moshi. Sitasema niliikata mimi yote. Ila nilijua magunia yangu yalitoka wapi, na nilijua yaliishia kwenye soksi.

Kisha ikaja ile siku ya mvua ambayo wewe unasema huikumbuki. Ulikuwa na miaka mitano, Hadija mitatu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, nguo zimejaa, na mimi siwezi kuvumilia kuona nguo mbichi. Nikafunga kamba ndani ya jiko, nikaanika zote, nikawasha sigiri mbili za mkaa, nikafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Nikakaa humo nanyi mchana, nakunja zilizokauka. Kichwa kikaanza kuniuma. Wewe ukasema, "Mama, miguu yangu inalala." Nikakwambia ulale basi. Ulilala kweli. Uliangukia kapu la nguo na macho yako hayakufumbika vizuri, na mimi nikajaribu kusimama nikashindwa.

Aliyetuokoa ni Mama Keji, jirani yetu aliyekimbia kutoka Sudani Kusini. Alikuja kuomba chumvi. Alipiga teke mlango, akamtupa Hadija nje, akakuvuta wewe kwa mkono mmoja mpaka kwenye mvua, ndipo akanirudia mimi. Nilikaa matopeni natapika, naye amesimama juu yangu anafoka: "Wewe mwanamke, unakausha nguo ama unakausha watoto?"

Mama Keji ndiye aliyenifundisha upya, miaka mitano baada ya kufundishwa mara ya kwanza. Siku za mvua anakamua nguo, anaiviringisha ndani ya taulo kavu, anaikanyaga kwa miguu kama anacheza ngoma, anaikung'uta mpaka inapiga kelele, kisha anaianika barazani pale upepo unapopita kutoka upande huu hadi ule. Habananishi nguo. Zisipokauka leo, anazingoja kesho. Na siku za jua alikuwa anaanika nguo zake za ndani mbele kabisa, karibu na barabara. Nikamwuliza kama haoni haya. "Mimi nilikimbia vita na nguo mbili," akaniambia. "Sasa niko na sita, nafichia nani?"

Nikamfuata. Gunia la mkaa likaanza kukawia kuisha, na yule wa Kuluba akadhani nimehamia kwa mwuzaji mwingine, akanikasirikia. Pasi ikabaki kwa sare za shule na nguo za Idi. Kwa Mama Keji nilijifunza bila shida, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu yeye sikuwa nimemkosea. Kukubali kamba ya Zaitun kulikuwa kukubali na lile neno langu.

Na sasa nikwambie unalolijua nusu. Shangazi yako alikwenda Arua, akaanza kuuza chai sokoni, leo ana nyumba yake ya vyumba vitatu na watu wanamheshimu kwa jasho lake. Kila mtoto niliyezaa alinitumia sabuni, katoni nzima. Mwenyewe alikuja mara chache. Siku ya kumpa Hadija jina alifika, akakaa karibu na mlango. Mwanamke mmoja akampa mtoto ambebe, naye akarudisha mikono nyuma ya mgongo wake. Akasema, "Niko na mafua." Hakuwa na mafua. Alinitazama mara moja tu, na mimi nikajifanya natafuta sinia.

Ninyi mmekua mkisema shangazi Zaitun anajivuna, hapendi watoto, anakuja kama mgeni na kuondoka kabla chakula hakijaiva. Wewe ndiye uliyesema zaidi. Wiki hii umesema mara mbili kwamba utakaa kwake kimya, umpe heshima, na ukimaliza chuo utoke. Na mimi nilikaa hapo nachambua maharage, nikakuacha uende kwake na hilo moyoni. Hilo ndilo lililoniketisha hapa na kalamu. Unamwendea mtu aliyekuogesha, na unamwogopa kwa sababu yangu.

Baba yako alipompigia shangazi yako simu kuomba akupe nafasi, shangazi yako aliuliza kwanza, "Mama yake anakubali?" Baba yako akashangaa, akanipa simu. Nikasema nakubali. Akasema, "Basi mlete mtoto." Una miaka ishirini na miwili na ndevu zako, na kwake bado ni mtoto.

Leo baada ya swala ya adhuhuri nilimwambia baba yako yote. Aliniuliza swali moja, "Miaka yote hiyo?" Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda kutafuta kamba. Ndiyo maana sanduku lako limefungwa hivyo. Hajanitazama tangu hapo, ila saa hii amesogeza taa karibu na mlango wangu ili nione ninapoandika, na mimi nimelichukua hilo kama lilivyo.

Sina somo kubwa la kukufungia safarini. Nakwambia tu nilichokiona kwangu: nikijikuta nafanya kazi ambayo imeshafanyika, mara ya pili, mara ya tatu, kwa moto na jasho, siku hizi natua na kujiuliza ninaogopa nini. Kwa kawaida jibu haliko kwenye nguo. Kwa Zaitun utaanika kwenye kamba, asubuhi, kama mtu mwenye akili, na usiguse pasi kwa nguo mbichi. Utamfulia na zake. Mwanamume kuanika gauni la shangazi yake haimpunguzii kitu, na wenzako wakicheka, waambie mama yako aliona haya kabla yao, ikamgharimu.

Nakupenda, Taban. Nilikupenda kwa woga tangu siku ya kwanza, nikakupenda vibaya, na wewe umetoka mtu mzuri hata hivyo.

Kuna jambo moja nakuomba. Shangazi yako hakupelekwa shule, anasoma namba za simu tu. Kesho mkishakula, mkae wawili, umsomee barua hii tangu mwanzo. Usiruke mstari, hata ule nilioondokea mezani. Ule usome polepole. Na haya ya mwisho ni yake.

Wifi Zaitun. Mimi ndio niliweka nguo kwa nyasi. Wewe ulianika kwa jua, mimi nilitoa. Nesi alitoa mdudu mbele ya macho yangu na nilijua siku ile ile, na niliogopa kukuja. Mkono yako haikuwa na kitu. Nilisema mbele ya watu, na mbele ya watu nitasema tena: wale wanawake watatu iko hai, nitawaita. Hadija iko na mimba ya kwanza, anakuja kuzaa hapa kwangu mwezi ujao. Sikuombi usahau. Nakuomba ukuje mbele ya siku yake, ukae, na mtoto akitoka, kabla ya mimi, kabla ya mutu yeyote, wewe ndio umshike.